R na L Niachie Mimi

2 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa mchana, na mimi nimepata shajara. Hayo mawili hayahusiani, yamekuja tu siku moja. Shajara yenyewe iliharibikia mtamboni miaka kadhaa kabla sijaajiriwa: siku za wiki zimepishana na tarehe, na mwezi wa Aprili umepewa siku thelathini na moja. Bosi alitoa boksi zima zikatumike kuwashia jiko. Nikachukua moja, nikamwambia, "Sasa naelewa kwa nini mliniajiri." Hakucheka sana.

Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji chenye watu saba. Kadi za harusi, mabango ya muziki, kalenda, vyote hupita chini ya kalamu yangu nyekundu kabla ya kwenda mtamboni. Tangu nije, hakuna mwezi uliozaa siku ya ziada.

Nitafuata tarehe tu. Siku za wiki zitajijua zenyewe.

3 Machi

Tumetembea, mimi na Sindano. Tangu darasa la kwanza hatuachani. Siku hizi anachanja watoto kliniki, na ndipo jina lilipotoka. Kila jioni tunarudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini, saa nzima na ushee. Mabasi yapo. Lakini tukipanda basi tutaongea lini?

Leo tumejadili wimbo mpya unaopigwa kila duka. Mwimbaji kamwita mpenzi wake "beibi" mara thelathini na nne, nimehesabu. Sindano anasema mdundo unamtosha. Mimi nasema mtu anayependa kweli angalau angelikumbuka jina.

Njiani nimekuta tangazo jipya ukutani: "Chumba kwa mtu mtulivu asie penda kerere." Nimetoa kalamu. Sindano kanivuta mkono, eti siku moja nitapigwa.

7 Machi

Sindano anaolewa!

Ameniambia kwenye kivuko cha reli, mwavuli mmoja watu wawili, tukisubiri treni ipite, kwa hiyo ilibidi arudie mara tatu kwa kupaza sauti. Watu wote wa kivukoni walimpongeza kabla yangu. Mwanamume mwenyewe ni fundi wa lifti. Nimekutana naye mara mbili, na mara zote mbili alisema "habari" na "haya". Nilimuuliza anapenda wimbo gani. Akasema hana. Hana! Mtu asiye na hata wimbo mmoja anaishije humu duniani?

Nimefurahi. Naandika tena ili nione kwa macho yangu: nimefurahi.

8 Machi

Mvua. Sikulala vizuri.

15 Machi

Leo familia mbili zimekutana, nami nilikuwapo kama dada wa bibi harusi. Baba yake Sindano ni Mwalimu. Ana jina kama watu wengine, ila amefundisha Kiswahili miaka arobaini mpaka jina likachoka likamwachia cheo. Mimi na Sindano alitufundisha wote wawili. Yeye ndiye aliyeniita Nukta, kwa sababu nilikuwa mfupi na nilipenda kuweka nukta hata baada ya jina langu. Darasa zima lililokuwa likichanganya R na L alilisimamisha likasema, "Lori refu limelala barabarani," mpaka lori likaamka. Mimi sikurudia hata mara moja. Nilipatia siku ya kwanza, na nakiri kwamba sijawahi kuisahau siku hiyo.

Wajomba wa bwana harusi walikuja wamejipanga kujadili mahari. Mwalimu akainua mkono.

"Sitaki mahari. Binti yangu si kabati. Hata kuku sitaki."

Mjomba mmoja, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta, akasema, "Mwalimu, hata kuku?"

"Hata yai."

Walirudi kwao wametahayari kidogo, kama watu waliokuja na ufunguo wakaukuta mlango wazi.

21 Machi

Tumetoka. Karaoke kwenye ile baa ya ghorofani, mimi, Sindano na Bwana Lifti, maana sasa tunatembea na mzigo wetu. Maneno yanayopita kwenye skrini yaliandikwa na adui wa lugha. "Moyo wangu unauma" ilikuwa "Moyo wangu unahuma", na watu wakaimba hivyo hivyo, kwa machozi.

Sindano aliimba vibaya kwa furaha. Mimi niliimba vizuri kwa wasiwasi. Bwana Lifti alikataa kabisa, akakaa anagonga meza kwa kidole kimoja. Baadaye nilimuuliza alikuwa anagonga nini.

"Besi," akasema. "Mimi shemeji nasikiliza besi tu. Maneno yananipita. Kwenye lifti ukisikiliza kelele za juu hutajua kitu, ugonjwa uko chini."

Sentensi tatu kwa mkupuo! Nimemwongezea alama moja.

30 Machi

Mvua. Viatu vimeachia soli. Tumetembea hivyo hivyo, vikipiga makofi.

6 Aprili

Kazini lazima nimtaje Kalibu, maana ndiye anayenilipia mshahara. Bila makosa yake mimi ningekuwa nafanya nini? Ndiye anayepanga maneno kwenye kompyuta, na ana vidole vyepesi kuliko mtu yeyote, lakini ulimi wake haujui R. Anavyotamka ndivyo anavyoandika. Siku aliyofika alisimama mlangoni akatuambia "kalibuni", yeye mgeni, sisi wenyeji, na jina likamganda hapo hapo. Leo nilimharakisha, akanijibu, "Dada, halaka halaka haina balaka." Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

13 Aprili

Sindano atahama. Sijui nilidhani nini, kwamba ataolewa halafu abaki chumba kile kile kwa baba yake? Nyumba waliyopata iko upande wa pili wa mji, kule kwenye matangi ya maji. Ameniambia tukiwa tumebakiza robo ya njia, nami robo hiyo yote nikazungumzia ile tamthilia ya runinga tunayoifuatilia: yule mama aliyezinduka baada ya miaka mitatu kitandani akiwa na wanja na hereni. Niliongea bila kupumua.

"Nukta," akasema, "si unanisikia?"

Nikasema namsikia. Nimekasirika, na sina mtu wa kumkasirikia.

14 Aprili

Siku mbaya. Bango la muziki lilijaa makosa kama mchele wenye mawe: "bendi mahili", "buludani", "kiingilio ni bule". Nimezungushia makosa ishirini na mawili. Baada ya hapo ikaja prufu, ile nakala ya kusahihishia kabla ya kuchapa, ya kadi ya Sindano, ambayo mimi mwenyewe niliomba tuichape. Niliipitia upesi maana alikuwa ananisubiri nje na mwavuli. Kosa moja tu, lile lile la Kalibu, nikalitia wino.

Kalibu akanifuata mpaka mlangoni na karatasi. "Dada, una uhakika na hapa?"

"Kalibu," nikamwambia, "R na L niachie mimi."

Wote wakacheka. Prufu ya pili nimeisaini nimesimama, juu ya goti.

20 Aprili

Kadi mia mbili na hamsini zimetoka. Karatasi ya rangi ya maziwa, maandishi ya kahawia. Nzuri mno. Sindano anasema atazigawa zote kwa siku mbili.

24 Aprili

Sindano ameingia kiwandani saa nne asubuhi na sare yake ya kazi, kadi mkononi.

"Soma."

"Nimeshaisoma."

"Soma tena, Nukta. Kwa sauti."

Nikasoma majina. Nikasoma tarehe. Nikafika chini: "Mahari: Ukumbi wa Zimamoto, saa kumi jioni."

Mungu anisamehe, nilicheka. Kicheko kilinitoka tu. Yeye hakucheka.

Mjomba mwenye tarumbeta alikuwa wa kwanza kumpigia Mwalimu: "Kumbe kuku ulimkataa kwa sababu ulitaka jengo!" Mwingine akauliza kama gari la maji limo kwenye hesabu au linaombwa mbali. Halafu wanafunzi wake wa zamani, mmoja mmoja, miaka arobaini ya wanafunzi. Wapo wanaotania. Wapo wasiotania, wanaosema mzee alijifanya hataki mbele za watu, kisha akapenyeza kwenye kadi.

"Baba amezima simu," Sindano akasema. "Hajatoka nje tangu jana. Na kosa lenyewe ni la R na L, alilotufundisha yeye tusilifanye. Nani kafanya hivi?"

Hakumaliza kuuliza.

"Kalibu," nikasema. "Nani mwingine?"

Alikuwa amesimama pale pale, kikombe mkononi. Nilitegemea ajitetee. Alinitazama kidogo, akaweka kikombe chini.

"Sawa, dada."

Bosi amemwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Jioni Sindano hakunisubiri.

25 Aprili

Mvua. Basi.

26 Aprili

Mvua. Basi. Mtu kapiga wimbo wa beibi njia nzima na sikuwa na wa kumwambia kitu.

28 Aprili

Mimi ndiye ninayepanga maneno sasa, kwa vidole viwili. Kiti cha Kalibu kina kimto alichokuja nacho kutoka kwake, kimeshonwa kwa vipande vya vitambaa. Nimekikalia. Halafu nikakiondoa.

31 Aprili

Kweli leo ni tarehe 30, lakini nimeuruka ukurasa wake: siku hii haipo, na laiti isingekuwapo.

Leo nilitafuta prufu ya kadi ili nimwonyeshe Bosi, kesi ifungwe. Kalibu hutunza prufu zote kwa tarehe, zimefungwa uzi. Nikafungua tarehe kumi na nne. Nikaikuta.

Aliandika "Mahali".

Aliandika vizuri. M-a-h-a-l-i, safi kabisa. Na juu ya ile L kuna duara jekundu, na juu ya duara kuna R. R yangu. Nzuri, yenye mkia, kama Mwalimu alivyonifundisha. Pembeni, sahihi yangu.

Nilikuwa nimetoka kubadilisha "mahili" kuwa "mahiri". Mkono ulishazoea njia. Na nilikuwa na hasira ya ile nyumba ya kwenye matangi, na niliona L iliyotoka kwa Kalibu, na L iliyotoka kwa Kalibu kwangu ilikuwa kosa hata kabla sijaisoma. Yeye akaniuliza kama nina uhakika. Nimerudi nyuma kurasa chache humu humu nimeona nilivyomjibu. Nimeandika mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

1 Mei

Mvua. Sijasema.

2 Mei

Jua kidogo. Sijasema. Bosi amenisifu mbele ya mteja: "Huyu hakosei." Nimeenda kukaa chooni dakika kumi.

3 Mei

Nimesema. Niliweka prufu mezani kwa Bosi na kusimama kama niko paredi. Akaivuta karibu.

"Aprili ina siku ngapi?" akauliza.

"Thelathini, Bosi."

"Unajua nani aliyeipa thelathini na moja?"

Nikasema sijui. Akajigonga kifuani kwa kidole.

"Shajara elfu mbili. Nikamtupia lawama fundi wa mtambo, akaondoka, hakurudi tena. Hizo shajara sitaki hata kuziona, ndiyo maana nilitaka zichomwe." Akanirudishia karatasi. "Wewe fundi wako bado yupo. Kamlete. Kwa miguu, upate muda wa kufikiri utasema nini."

Nimetembea saa nzima na nusu na sikupata cha kusema. Mkewe alinifungulia mlango. Kalibu alikuwa sakafuni, amefungua redio vipande vipande.

"Niliikuta," nikasema. "Nilikosea mimi. Nikakusingizia mbele za watu. Naomba unisamehe."

Akapuliza vumbi kwenye redio. "Niliijua siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angesadiki? Nyie kila siku mnanicheka. Dada, maisha yangu yote nimepatia L na L siku moja tu. Ndiyo siku niliyofukuzwa kazi."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, jikoni. Kalibu akafuata. Mimi nikalia kwanza, halafu nikacheka, na pua ikavuja, ikawa vurugu. Nilipotulia nikamuuliza jina lake halisi, maana miaka mitatu sijawahi kuliuliza. Akanitajia. Lina R mbili, maskini. Nimemwambia kuanzia leo namwita Fundi. Akasema kesho atakuja, ila kimto chake akikute kitini.

5 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Nukta. Keti."

Sikuketi. Nikampa prufu, nikaeleza yote, na la Fundi nikaeleza. Akavaa miwani. Akaisoma kadi kuanzia juu, kila neno, kama daftari la mtihani. Nilikuwa na miaka minane tena.

"R yenyewe umeiandika vizuri," akasema mwishoni.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku kumi na mbili sijatoka nje kwa sababu ya hiyo R."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huyo kijana uliyemsingizia, umemwomba radhi?"

"Nimemwomba. Kwake nyumbani. Mbele ya mkewe."

"Mbele ya wenzake kazini je? Ulimvua nguo hadharani, usiende kumvisha chumbani."

Nikasema nitafanya kesho. Akakunja prufu, akaiweka mfukoni mwa shati. Hakusema amenisamehe. Nilifika mlangoni nikasikia sauti ya Sindano kutoka ndani. Kumbe alisikia yote.

"Una mwavuli?"

"Sina."

"Ngoja nivae viatu."

Tulizunguka mtaa mara nne bila kwenda popote. Mzunguko wa kwanza alinisema, na nilistahili. Wa pili nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa na hasira kwa sababu anahama na mimi nitabaki natembea peke yangu kama mlinzi. Wa tatu alinisogezea mwavuli. Wa nne akauliza kama yule mama wa tamthilia ameshatambua kwamba daktari ni mdogo wake.

6 Mei

Nimeomba radhi mbele ya wenzangu wote sita. Fundi alikuwa amekalia kimto chake, anatikisa kichwa kama hakimu. Alipochoka akasema, "Yatosha dada, kazi zinalala." Wote wakacheka, na safari hii hakuna aliyechekwa.

Sheria mpya ya Bosi: kila prufu isainiwe na wawili.

11 Mei

Mwalimu bado kazima simu. Bango la "chumba kwa mtu mtulivu" limetolewa. Labda kapatikana.

16 Mei

Narudi sasa hivi, viatu mkononi. Nataka kuandika kabla sijalala.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, lakini Ukumbi wa Zimamoto una paa la kutegemewa. Nje waliegesha gari la maji. Habari za kadi ziliwafikia na wao, basi wakalifunga utepe mweupe. Wajomba walipoliona walianza kugongana viwiko, nami nikatamani ardhi inimeze. Mwalimu alikuwa meza ya mbele, suti nyeusi, uso hausomeki.

Zamu yake ilipofika alisimama na kadi. Watu wakageuza viti. Mjomba wa tarumbeta tu ndiye aliyekohoa.

"Nilisema sitaki mahari," Mwalimu akasema. "Nilimaanisha. Lakini mmesoma kadi, nami nimesoma. Na nimewafundisha wengi wenu humu ndani kwamba kilichoandikwa hakifutwi kwa mate."

Akatoa miwani, akaupangusa uso.

"Kwa hiyo nimekubali. Ukumbi huu nimeupokea. Gari nalo nimeliona, ahsanteni sana, ni zuri. Mjomba, umesikia? Mahari imefika, hatudaiani. Basi kuanzia dakika hii ukumbi ni wangu mpaka saa sita usiku, na kwenye ukumbi wangu kuna sheria moja. Hakuna kukaa!"

Sijawahi kusikia kelele ya namna ile. Mjomba alicheka mpaka akashikwa na watu wawili. Bendi ikaingia, ile ile ya bango, na nakubali kwa moyo mmoja kwamba ni bendi mahiri. Mwalimu akatazama huku na huku, macho yakatua kwangu.

"Nukta! Inuka. Umeweka nukta mapema."

Nikainuka. Nimecheza na Mwalimu. Nimecheza na Fundi, ambaye Sindano alimpelekea kadi kwa mkono wake, na mkewe alicheza kutushinda sote. Wakapiga hata wimbo wa beibi, na nimeucheza kutoka beibi ya kwanza hadi ya thelathini na nne. Sindano akanipigia kelele sikioni, "Si nilikuambia? Mdundo!" Bwana Lifti alikuwa amesimama karibu na spika, macho kafumba, kidole kinagonga paja. Nikaenda nikasimama naye. Nikajaribu kusikiliza chini. Kweli kuna vitu vingi huko chini.

"Shemeji," akaniambia bila kufumbua macho, "nilipima njia. Kutoka kwetu na kutoka kwako, katikati ni ile saa ya posta. Dakika thelathini na tano kila upande."

Nimemwongezea alama zote zilizobaki.

19 Mei

Nimetembea peke yangu. Njia ni ndefu. Hakuna wa kunivuta mkono nikitoa kalamu, nami sikuitoa.

22 Mei

Mvua imekatika. Fundi amenikamata na kosa, neno zima nililoliruka kwenye kalenda. Ametembea nalo kiwandani kama kombe.

24 Mei

Saa kumi jioni ujumbe wa Sindano umeingia kwenye simu. Nilikuwa na bango mbele yangu na kalamu nyekundu mkononi.

"Nukta. Leo tunatembea. Mahari: chini ya saa ya posta. Saa kumi na mbili. Usichelewe."

Nimeusoma mara tatu, kuanzia juu, kila neno. Kisha nikafunika kalamu, nikachukua mwavuli ingawa hakuna mvua, nikamjibu kwamba mahari nimeipokea, nakuja.